Koni za Idd wazitengeneze watoto

Mhariri, wiki hii mmeuliza watoto wapewe kazi gani nyumbani sikukuu inapokaribia. Jibu langu kutoka Ujiji: wapeni kazi ya koni za karatasi za kutilia vitafunwa vya Idd, na muwaachie yote, mwanzo hadi mwisho.

Wakati wake ni jioni ya Ramadhani 29. Wakubwa wako jikoni, hakuna ajuaye kama mwezi utaandama au tutatimiza 30, na watoto usingizi hawana. Mwezi usipoonekana, koni haziozi.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, kwetu kalenda za mwaka uliopita hazitupwi. Karatasi yake ni nzito. Upande unaong'aa ukae ndani, maana mafuta hayaupenyi haraka, na mweupe ukae nje. Gazeti silitaki kabisa, wino wake unahamia kwenye chakula. Mtoto anakata mraba wa kama sentimita 20, anauviringisha kuanzia pembeni mpaka ukae kama kawa iliyopinduliwa, anapaka gundi ukingoni na kubana kwa vidole. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, na mdogo akiulamba haumdhuru. Ndani litangulie jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto. Likiwa bichi hupasuka ukilikunja, lakini likipata joto linaiva rangi, linang'aa na kulegea. Hapo motoni asimame mkubwa.

Vitafunwa vipoe kwanza: kashata ikiwa ya moto inanata, na visheti vingoje shira ikauke iwe nyeupe.

Ninachokipenda zaidi ni majina. Kila koni ina jina la mgeni, na mwandishi ni mtoto. Herufi zikipinda, ziacheni zilivyo. Nimemwona mtoto mwenye haya, wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakibisha hodi, akimpelekea babu koni kwa mikono miwili: "Shikamoo babu, hii yako." Akabaki amesimama palepale mpaka babu aisome kwa sauti.

Wale wanaopita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idd wawekewe zisizo na majina, kwa kuwa idadi yao haijulikani. Na majirani Wakristo waandikwe pia. Krismasi ikifika, sahani zao hutufikia sisi kwanza.

Mama wa Ujiji, Kigoma