Kwa nini Stella Abidjan bado anatuuma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza: "Baba, Simba kufika fainali ya Afrika si heshima? Mbona wewe na wenzako mkimtaja Stella Abidjan mnakuwa kama mmefiwa jana?" Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na utani wako wa Jangwani, wewe Yanga, na hili nataka ulisikie lote.

Heshima ilikuwepo. Kabla ya 1993 hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika. Majirani zetu Kenya walishaonja utamu: Gor Mahia walibeba Kombe la Washindi mwaka 1987. Nasi tukaona zamu yetu imefika. Mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella, klabu ya Ivory Coast, kule kwao Abidjan, Simba ilitoka 0-0. Hebu fikiria maana yake. Ushindi wa bao moja tu nyumbani, kombe linalala Dar es Salaam.

Marudiano yalikuwa Novemba, Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru siku hizi. Watu walijaa hadi pa kuweka mguu hapakuwepo, na watani wa Yanga walikuwemo, kwa sababu siku ile ilikuwa ya nchi. Jirani yangu jukwaani alikuwa kijana mwenye ngoma, amepiga tangu timu zinapasha misuli. Boli Zozo wa Stella alipofunga, kijana akaongeza nguvu, tukaitikia, tukiamini muda upo. Boli Zozo akafunga la pili. Kijana akaiweka ngoma chini, akaikalia, akajishika kichwa. Mechi iliisha 2-0 na watu hawakuondoka; walikaa tu, wengine wakilia waziwazi, watu wazima na ndevu zao.

Kinachouma, mwanangu, ni kwamba Simba ilikuwa imezoea kufanya makubwa ugenini. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 hapa hapa Dar na Mufulira Wanderers. Mji mzima ukaona basi, safari imeisha. Wakaenda Zambia kumalizia ratiba, wakashinda 5-0! Mimi mpaka kesho nasema hakuna ushindi wa klabu ya Dar unaoufikia ule, na ukija na ule wa Zamalek nitakusikiliza, lakini sitabadilika. Wa Zamalek ni wa 2003, unaukumbuka: Simba 1-0 hapa, wao 1-0 Cairo, halafu matuta mbele ya umati wao, na Juma Kaseja golini. Tukawatoa mabingwa watetezi wa Afrika. Kwa hiyo timu inayoweza kupindua meza Zambia na kusimama Cairo, inafungwaje kwake siku inayohitaji bao moja?

Hapo ndipo maumivu yalipo. Ukifungwa ugenini una pa kusingizia: safari, refa, baridi. Siku ile hatukuwa na pa kusingizia.

Nadhani ndiyo maana kizazi chenu kilishangilia sana 2019 Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar. Simba ile ilichapwa 5-0 Kinshasa na 5-0 Misri, ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mechi za nyumbani tu: Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 kwa bao la Kagere, na AS Vita 2-1, Chama akifunga dakika ya 90. Ninyi mliona mbwembwe. Sisi wa 1993 tulikuwa tunalipwa deni.

Na wewe unajua ninachosema, hata kama hujakiri. Mei 2023 ulikuwa Kwa Mkapa na jezi yako ya kijani, Yanga ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. USM Alger wakashinda 2-1, bao lenu akifunga Mayele. Wiki iliyofuata Yanga ikaenda Algiers ikashinda 1-0, jambo ambalo wachache huliweza kule. Jumla 2-2, kombe likabaki kwao kwa sababu ya mabao ya ugenini. Ulinipigia usiku ule ukakaa kimya kwenye simu, nami sikukutania. Ulikuwa umelipia nyumbani, kama sisi.

Mwaka 2025 Simba tena, fainali ya kombe hilo hilo: ikafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, 1-1. Fainali ya tatu kwa klabu za Dar, na kombe hatukuligusa.

Yanga wakifika nyingine, nikatie tiketi. Nitakaa upande wenu, na jezi nyekundu nitaiacha nyumbani.

Baba yako