Kabla hujafunga tabo, onja maji ya radieta yako

Nimeunguza hedi gasketi (kizibo kinachokaa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) mbili katika miezi mitano, zote kwenye gari moja: Corolla ya zamani yenye injini ya 4A-FE, cc 1600, niliyoifunga tabo (mashine ya kuisukumia injini upepo) ya kununua mkononi. Ya kwanza ilikata nikielekea Marereni. Daraja la Sabaki nimeshalivuka, Mambrui iko mbele, na nyuma yangu moshi mweupe kama wa tanuri ya chokaa. Vijana walionisukuma kando ya barabara walikuwa na jibu moja tu: "Ni hiyo tabo, kaka."

Niliwaamini mpaka hedi ilipofunguliwa. Njia za maji zilikuwa zimeliwa, alumini ina vishimo kama jiwe la matumbawe. Miaka yote radieta nilikuwa naijaza maji ya kisima cha nyumbani, na sisi wa Malindi tunavijua visima vyetu: chai utaionja chumvi kabla ya sukari. Tabo haikuanzisha ugonjwa huo, iliufichua tu. Mzee mmoja fundi wa mashine za boti aliishika ile hedi, akaigeuza, akacheka. "Mwanangu, sisi tunahangaika kuitoa chumvi kwenye injini, wewe unaichota kwa ndoo!"

Siku hizi natumia kulanti (dawa ya maji ya radieta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri (si asidi, tafadhali, chupa zinafanana). Kifuniko cha radieta nacho usikidharau. Kikishika shinikizo lake la takriban bar 0.9, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Kikilegea, yanachemka mapema, mapovu yanakaa juu ya hedi, na hapo alumini haina cha kuipoza.

Kuna tabia moja ya gereji zetu inayonikera: kuitoa thamostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda radieta yakishapata moto), eti pwani kuna joto. Kwenye injini hii thamostati ikishafunguka huziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita radieta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo. Mjini huoni kitu. Gari likibeba mzigo, au likisukumwa na tabo, sindano inapanda. Weka mpya, ya nyuzi 82, ufunge mjadala.

Gasketi ya pili ni ujinga wangu, sina wa kumsingizia. Maji yalikuwa safi, hedi imeskimiwa (imesawazishwa uso kwa mashine), nikajiona fundi. Nikapandisha upepo wa tabo mpaka pauni 12. Ukifikiria tairi la pauni 30 utaona 12 ni mchezo, lakini injini hii ilitoka kiwandani na mgandamizo wa 9.5 kwa 1, yaani silinda huubana mchanganyiko wa upepo na petroli mara 9.5. Toyota wenyewe walipompa ndugu yake, 4A-GZE, mashine ya kumsukumia upepo, waliushusha mgandamizo hadi 8.0, na matoleo ya baadaye 8.9. Mimi sikushusha chochote. Isitoshe, upepo ukibanwa hupata moto. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, upampu, utahisi. Upepo wa Malindi unaingia ukiwa na moto wake tayari, na mimi intakula (radieta ya kuupoza upepo wa tabo) sikuwa nayo.

Matokeo yake petroli inajilipukia kabla ya wakati, injini inanoki. Nilisikia mlio kama changarawe ndani ya mkebe nikipita Gede, nikaongeza sauti ya redio. Ule mlio ni nyundo: kila pigo linainua hedi kidogo, na ile pete ya chuma inayozunguka silinda inakaangwa. Yangu iliungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Laiti ningeachia mafuta palepale.

Kwa hiyo sasa nakaa kwenye pauni 6, intakula mbele ya radieta, sindano za petroli kubwa zaidi na kompyuta iliyopangwa upya ili upepo ukipanda petroli iongezeke na moto wa plagi uchelewe. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko tabo yenyewe. Kama huna pesa yake, ngoja.

Kufunga hedi ni jambo fupi, ila halina njia ya mkato. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na juu ya bloku. Pengo likizidi milimita 0.05, ipelekwe kwa mashine. Bolti ni mpya, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya torki: kwa 4A-FE ni Nm 29, kisha digrii 90, kisha 90 tena. Fundi wangu wa kwanza alikaza kwa bomba na kifua. Ukimwona wako anatafuta bomba, chukua funguo zako.

Gasketi ya tatu iko mwaka wa nne. Kila alfajiri, injini ikiwa baridi, naminya hozi ya juu ya radieta kabla sijawasha. Ikiwa laini, naenda kazini. Ikiwa bado ngumu tangu jana, kuna hewa ya silinda inayovujia kwenye maji, na siku hiyo napanda tuktuk.