Bati zinaisha msimu wa korosho, saruji inaganda stoo: niagize lini?

SWALI: Habari za kazi. Nina hadiwea ndogo huku Newala, shida yangu ni kuagiza mzigo. Msimu uliopita hela za korosho zimeingia, watu wanakuja wanataka bati, mi nimebaki na vipande nane na mzigo bado uko Dar, wote wakahamia kwa jirani. Saruji nayo nilijaza stoo ikaniganda mifuko karibu thelathini. Mume wangu anasema niwe naagiza kila tarehe moja ya mwezi, mi naona haiendi. Kuna hesabu yake?

JIBU: Ipo dada, na shemeji mwambie taratibu kwamba tarehe haijui stoo imebaki na nini. Unaagiza kwa kuangalia kilichobaki.

Anza na bati. Tuseme siku za kawaida unauza kumi kwa siku, na toka utume hela Dar mpaka mzigo ushuke mlangoni kwako ni siku nane, hapo zinaondoka themanini wakati unasubiri. Ukiagiza zikibaki themanini kamili unacheza bahati nasibu, maana lori likichelewa kidogo tu umekwisha, na barabara yetu tunaijua, Mei 2024 kwa kimbunga Hidaya na mvua zake ilikatika kule Somanga magari yakalala njiani. Kwa hiyo piga hesabu ya wiki mbaya, mauzo kumi na nane kwa siku na mzigo siku kumi na mbili, inakuja 216. Zikifika hapo, piga simu. Na ukihesabu weka na zile ulizoshaagiza hazijafika, utoe ambazo watu wameshalipia advansi, la sivyo utaagiza mara mbili au utauza bati ya mtu.

Afu daftari lako linakudanganya. Siku ambazo bati ziliisha limeandika sifuri, wakati watu walikuja wakaondoka. Weka ukurasa wa walioulizia wakakosa, hao ndo mauzo yako halisi.

Kiasi gani sasa? Kuna kanuni ya Mmarekani Ford W. Harris, ya toka 1913 na bado inatumika. Chukua mauzo ya mwaka, tuseme bati 3,600, zidisha kwa mbili, zidisha kwa gharama ya kuagiza mara moja (nauli ya kwenda kulipia, simu, vibarua wa kushusha, tuseme 60,000), gawanya kwa gharama ya kuweka bati moja mwaka mzima ikiwemo riba ya mkopo, tuseme 3,000, afu tafuta kipeuo cha pili, kwenye simu kipo. Inakuja kama 380. Usiumize kichwa na namba kamili, ukiagiza 300 au 450 gharama hizo zinapanda kwa asilimia tatu hivi au chini ya hapo. Hela ikibana agiza 300 ulale.

Ila kanuni hiyo inadhani mauzo ni yaleyale mwaka mzima, na huku kwetu sivyo. Minada ya korosho ikianza Oktoba, bati za msimu ziwe zimeshashuka, kwa hiyo Septemba yote tumia namba za msimu wa jana, sio za Juni. Na malipo yakianza kupungua shusha namba mapema, usibaki na hela yako imelala kwenye bati mpaka masika.

Saruji ni habari nyingine kabisa. Kiwanda cha Dangote kipo hapahapa Mtwara, mzigo unaupata ndani ya siku chache, sasa unajaza stoo ya nini? Agiza kidogo kidogo, panga juu ya mbao mbali na ukuta, uza ya zamani kwanza. Na hiyo mifuko iliyoganda usije ukaiponda ukaichanganya na mipya, fundi akishika tu anajua, na Newala nzima itajua kabla ya Ijumaa.