Mbwa hutiwa chuma mguuni akapona. Kwa nini pundamilia humalizwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ni dereva wa lori njia ya Morogoro–Iringa. Pale barabara inapokatiza Hifadhi ya Mikumi nilikuta pundamilia kagongwa, mguu wa mbele umevunjika chini ya goti, na askari wakampiga risasi. Mbwa wangu alivunjika mguu, akatiwa chuma, leo anakimbia. Kwa nini yule hakutibiwa?

JIBU: Ndugu dereva, chuma tunaweza kukifunga hata kwa pundamilia. Kinachotushinda ni jinsi mguu wake ulivyoumbwa, na wiki zinazofuata baada ya upasuaji.

Hilo unaloliita goti la mbele, kimifupa ni kifundo cha mkono. Chini yake pundamilia anasimama juu ya kidole kimoja tu, cha kati, na kwato ndiyo ukucha wake. Mbwa ana mifupa minne iliyopangana sehemu hiyo. Mmoja ukivunjika, jirani zake huushikilia. Kwa pundamilia hakuna jirani wa kusaidia.

Sasa mpapase punda, ndugu yake wa karibu, chini ya goti hilo. Utakutana na ngozi, kano na mfupa, basi. Misuli yote imekaa juu, karibu na kiwiliwili, ili mguu uwe mwepesi kuurusha. Kwa mbio ni faida kubwa. Kwa mfupa uliovunjika ni balaa, maana misuli ndiyo inayouletea damu nyingi ya kuungia, na ndiyo inayozuia ncha zake zisitoboe ngozi. Mnyama aliyegongwa hukurupuka na kukimbia huku mguu unaning'inia. Kila hatua ncha zinakata mishipa ya damu na kidonda kinajaa udongo. Tukifika tumechelewa, vijidudu vimeshaingia ndani ya mfupa, na skrubu zikifungwa kwenye mfupa wenye usaha hulegea.

Tuseme upasuaji umekwenda vizuri. Mbwa utamfungia bandani wiki sita au nane, atatulia. Pundamilia akizinduka kwenye nusukaputi husimama saa hiyo hiyo, na chuma kinabeba mzigo wa mnyama wa kilo 300 hivi tangu siku ya kwanza. Akiukwepa mguu mbovu, uzito unahamia mguu wa pili, na huko kwato huanza kuachana na mfupa ulio ndani yake. Maumivu ya hali hiyo ni makali mno, na mara nyingi hapo ndipo tunapompoteza.

Swala pala, ambaye uzito wake haupishani sana na wa mbwa mkubwa, chuma humshika vizuri zaidi. Yeye huuawa na hofu. Akikimbizwa, akakamatwa na kufungiwa, misuli yake huanza kuharibika, mabaki yake yanaziba figo, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, mfupa ukiwa umefungwa sawasawa. Ndama wa siku chache ana nafasi nzuri: ni mwepesi, na mfupa wake unaunga haraka.

Duma na simba ni habari nyingine. Wana vidole kadhaa vya kukanyagia, paja lao limezungukwa na nyama, na hulala sehemu kubwa ya siku hata wakiwa wazima. Akivunjika paja, duma ni mgonjwa ninayempokea kwa matumaini. Tembo naye ana lake: mifupa yake mirefu haina tundu la uboho katikati, imejaa mfupa wa sifongo, kwa hiyo ile fimbo ya chuma tunayoichomeka ndani ya mfupa wa mbwa haina pa kupita.

Ukikuta mnyama amegongwa, usimfuate wala kumfunga kamba, kwani kila hatua anayokukimbia inamharibia mguu. Washa taa za tahadhari, shika alama ya mahali ulipo, kisha toa taarifa kwa askari wa hifadhi au geti la karibu. Waambie ni mguu upi, umevunjika juu au chini ya goti, na kama mfupa umetokeza nje. Kwa maneno hayo matatu daktari anajua abebe vifaa gani, au kama kuna la kufanya.