Anasoma kitabu kizima, lakini hajui kusoma

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya serikali hapa Mbagala, na darasani kwao wamezidi mia. Kitabu cha darasa la kwanza anakisoma chote bila kukosea, ila akipewa habari mpya ananyamaza. Kuna kijana mtaani anayefundisha kusoma kwa siku 14, na ada yake ni faida yangu ya vitumbua ya mwezi mzima. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, mama. Mwanao hasomi kitabu hicho; amekikariri, na hili nakutana nalo karibu kila shule ninayokwenda kupima watoto. Hivi karibuni mtoto wa darasa la pili alinisomea "Juma anakula wali" kwa kujiamini kabisa, huku kidole kikifuata mstari, lakini mdomo ulipofika "wali" kidole kilikuwa bado juu ya "Juma". Nilipomwandikia neno "wali" peke yake pembeni mwa daftari, alinijibu kwamba ukurasa huo hawajafundishwa.

Si uzembe wake. Elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, iliwafungulia mlango watoto wengi ambao wazazi wao walishindwa michango ya shule, nami naishukuru. Lakini madarasa yalifurika, na watoto mia wanapoitikia kwa pamoja, sauti za wanaojua huwafunika wasiojua, hata mwalimu mwenye bidii asibaini ni nani anayefuata wenzake kwa sikio tu.

Kata vipande vya boksi, uandike silabi moja kwenye kila kipande. Weka "ma" na "li" asome "mali", kisha vigeuze asome "lima". Weka "ku" na "ta", kisha geuza: "taku" haina maana yoyote, na ndiyo sababu naipenda, kwa kuwa hakuna mahali alipoweza kuikariri. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo anayeunganisha silabi, zikiwemo ngumu kama "mbwa", "ng'o" na "nywe", ataweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kuliona. Maana yake mtaijadili pamoja. Robo saa kila jioni inatosha, na kama ana dada au kaka anayejua kusoma, anaweza kukusaidia. Mwombe pia mwalimu amweke na wenzake wa kiwango chake bila kujali darasa, utaratibu ambao shirika la Pratham limeutumia kwa miaka mingi huko India kwa watoto wa familia maskini.

Kinachoniudhi ni biashara iliyojengwa juu ya kukariri huku. Nimeshuhudia mafunzo ya namna hiyo: mtoto hukaririshwa habari moja wiki mbili, siku ya mwisho mzazi huitwa kusikiliza habari ileile, analia kwa furaha na kumalizia deni. Wapo pia wanaowashauri wazazi wakope ili wamhamishie mtoto shule ya Kiingereza, wakati bado hajaweza kuunganisha sauti za lugha anayoizungumza nyumbani, na huko atakuta herufi "a" ikisomwa kwa namna kadhaa. Mzazi yeyote anayeitwa kusikiliza onyesho la siku ya mwisho aende na kipande cha gazeti, hata hilo unalofungia vitumbua, achague mwenyewe mistari mitatu, na amwombe mtoto aisome kabla hajatoa shilingi.