Kusoma tena na tena, au kujiuliza bila kutazama?

Ndugu, umeuliza kwa nini binti yako husoma daftari la Biolojia mara nne, kisha baada ya wiki hakumbuki. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke, huko Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliotumia vipindi vinne kusoma kifungu walikumbuka asilimia 83 baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walibakiwa na 40 tu, ilhali waliosoma kipindi kimoja na kutumia vitatu kuandika waliyoyakumbuka bila kutazama walikuwa na 61. Wepesi wa kusoma tena humdanganya msomaji. Nakusihi, afunge daftari, aandike anachokumbuka, ndipo alifungue ajisahihishe, na arudie hivyo baada ya siku mbili tatu, hata akiona ni kazi ngumu.