Maswali ya Wasomaji: Ndondo tunabeba kila mwaka, mbona daraja hatupandi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mtaani kwetu tuna timu ya moto kweli, kombe la ndondo, haya mashindano ya mtaani, tumebeba mara tatu na uwanja unajaa mpaka watu wanapanda miti. Ila kila tukiuliza lini tutapanda daraja tunaambiwa hatupo kwenye ligi. Sasa ligi ni ipi kama sio hii? Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole ndugu yangu, ila waliokwambia hivyo hawajakudanganya. Ndondo ni tamu, ina ng'ombe wa zawadi, ina jezi, ina kelele, lakini hata ukibeba mara ishirini haikupeleki popote, maana haimo kwenye ngazi za ligi za TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Cha kwanza sajilini klabu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, muwe na katiba na viongozi wanaojulikana, sio ile ya mwenyekiti ni yule mwenye mpira. Afu mnaenda chama cha soka cha wilaya yenu mnaomba kucheza Daraja la Nne. Mkifanya vizuri pale mnakuja Daraja la Tatu, hiyo ndio ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa anaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, wengi wanaiita RCL.

Hapo RCL ndipo timu nyingi zinapokufa, na mimi naona ndio kizingiti kigumu kuliko vyote, kigumu hata kuliko kuingia Ligi Kuu. Tanzania Bara ina mikoa 26, mabingwa wote hao wanakusanywa kwenye vituo, mnacheza mechi zinazofuatana ndani ya muda mfupi, mko mbali na kwenu, mnahitaji nauli, pa kulala, chakula cha wachezaji ishirini na kitu, na mkiteleza mechi moja mbili basi, mwaka mzima wa kazi umeondoka mnarudi kuanza ligi ya mkoa upya. Nimeshaona timu inaenda kituoni na hela ya siku tatu, inamalizia michango kwa simu. Kwahiyo kabla hamjawaza fowadi wazeni mweka hazina.

Mkivuka mnaingia First League. Jina linachanganya najua, unasikia First unadhani ndio ya kwanza, kumbe ni ngazi ya tatu kutoka juu, ndio ile zamani tuliita Daraja la Pili. Daraja la Kwanza nalo likaitwa Championship, majina yalibadilishwa msimu wa 2021/22. Kuanzia First League kwenda juu mnasimamiwa na Bodi ya Ligi.

SWALI: Naomba unieleweshe hii ya mtoano, kuna timu inamaliza ya 13 Ligi Kuu inasherehekea nyingine ya 13 inalia. Na ile ya nne Championship nayo inasema ina nafasi ya kupanda. Msomaji, Iringa

JIBU: Ligi Kuu ina timu 16. Ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja, na nafasi zao zinachukuliwa na mbili za juu kutoka Championship. Hapo hamna ubishi. Shughuli ni kwa ya 13 na ya 14, hizi zinacheza zenyewe kwa zenyewe nyumbani na ugenini, anayeshinda anabaki, anayefungwa bado hajashuka ila anasubiri mshindi kati ya timu ya tatu na ya nne za Championship, nao wanacheza nyumbani na ugenini. Ndio maana wa 13 mmoja analala usingizi na mwingine anapanga safari.

Mfano mzuri ni 2023, Mbeya City walijikuta kwenye hiyo mechi ya mwisho wakakutana na Mashujaa wa Kigoma, Mashujaa wakapanda, Mbeya City wakashuka, wamekuja kurudi 2025 pamoja na Mtibwa Sugar. Na Mashujaa hao msiwachukulie poa, Desemba 2018 wakiwa bado Daraja la Kwanza walimtoa Simba Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kwa 3-2.

SWALI: Kwani timu ikipanda inaruhusiwa kuhama mkoa? Kwetu tulishangilia timu leo haipo. Msomaji, Moshi

JIBU: Nadhani unaisema Kitayosce. Walihamia Tabora, na walipopanda 2023 wakawa Tabora United. Sio wao tu, Ihefu ya Mbarali nayo 2024 iligeuka Singida Black Stars. Nafasi ya daraja inaenda na mwenye timu, na mwenye hela akitaka kuihamisha anafuata taratibu anahama nayo. Mimi siipendi hii kitu, mashabiki wa miaka yote mnabaki na jezi kabatini.

SWALI: Binti yangu anacheza mpira, timu yao ya wanawake inapita njia hiyohiyo ndefu? Mama msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana mama, ya wanawake ni fupi zaidi. Kuna ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa wanakutana, kuna Daraja la Kwanza Wanawake, halafu Ligi Kuu ya Wanawake iliyoanza msimu wa 2016/17 na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens. Kuanzia hapo mpaka msimu wa 2024/25 ubingwa ulikuwa wa JKT Queens na Simba Queens tu, wakipokezana. Msimu wa 2024/25 ilikuwa na timu 10, kila moja inacheza mechi 18.

Ufupi wa ngazi ni nafuu lakini una shida yake, huku chini mikoa mingine timu za wanawake ni za kuhesabu kwa vidole, binti anaweza kuwa bingwa wa mkoa kwa mechi chache sana na akifika juu anakutana na wenzake waliocheza msimu mzima. Muulize kocha wake msimu uliopita walicheza mechi ngapi za ushindani, zikiwa chini ya kumi mtafutie na mazoezi na timu nyingine, hata ya wavulana wa umri wake.